Miaka Yangu ya Kunoa Mbao za Theluji Nizwa

Mwalimu Moza ameniomba niandike namna nilivyoijua kazi ya karakana, ili nyinyi mnaoingia sasa msianze gizani. Mambo ya vyeo sitayagusa, maana karakanani mna cheo kimoja tu, cha yule anayeshika tupa. Nitaandika nilichokiona kwa macho yangu na nilichokigusa kwa vidole vyangu.

Mimi ni mshoni. Mama yangu alizaliwa Unguja, Malindi, akavuka bahari akaja mji wa Ibra na mashine yake ya kushonea, na mimi nilikua chini ya mashine hiyo nikiokota vifungo. Kabla sijajua kushona nilijua kunoa mikasi. Mama alikuwa akinipa jiwe na mafuta kidogo, na kila Jumatano, siku ya soko la wanawake, wenzake walikuwa wakimletea mikasi yao, naye ananisukumia mimi. Kwa hivyo nilipoajiriwa kwenye ukumbi wa theluji ya mashine, pale njia ya Bahla, ambako watu hufunga miguu kwenye ubao wakateleza kilimani, kazi niliyopewa ni ya sindano: kushona majaketi yaliyochanika, kutia zipu, kuziba glovu. Nilikuwa mjane, watoto wamekwisha kuwa wakubwa, nikakaa Nizwa kwa dada yangu siku za kazi na kurudi Ibra mwisho wa wiki.

Mama nilipomwambia kuwa Nizwa pamejengwa nyumba yenye theluji ndani, aliniuliza nani analipa umeme.

Siku ya kwanza nilikwenda na abaya nyepesi, kwa kuwa nje palikuwa pakiwaka moto. Kufika saa nne vidole havinitii, sindano siioni iko wapi. Kesho yake nilikuja na sweta mbili, na kwenye kituo cha petroli watu wakanitazama kama mtu aliyepungukiwa na akili. Mtazoea kutazamwa. Jambo la kwanza mnalotakiwa kulijua juu ya kazi hii ni kuwa mwili wenu utakaa siku nzima baina ya baridi ya jokofu na joto la jua, na chuma nacho ni hivyo hivyo. Nitalirudia hilo, kwa sababu ndilo somo langu la mwanzo.

Karakana ilikuwa chumba cha pili baada ya cha kushonea, na mwenye karakana alikuwa Bwana Bashir, Mkashmiri. Kwao theluji inaanguka kutoka mbinguni, haitolewi na mashine, na alikuwa amenoa mbao tangu ujanani. Kiarabu chake kilikuwa cha kuvunjika na changu ni cha Ibra, lakini tulifahamiana. Siku moja alinikuta nikinoa mkasi wangu wa kitambaa. Alisimama mlangoni mpaka nikamaliza. Kisha akauchukua, akaupitisha kwenye ukucha wa kidole gumba, ukakwangua unga mweupe. Baadaye alikwenda kwa meneja akaomba nihamishiwe kwake nusu ya siku.

Nilidhani nitapewa tupa. Nilipewa taulo. Wiki baada ya wiki kazi yangu ilikuwa kukausha. Ubao ukitoka kwenye baridi ukaingia karakanani unatoka jasho kama gilasi ya maji ya barafu, na kingo zake ni chuma tupu, hazikupakwa rangi. Ukiulaza na maji yale, asubuhi ukingo mzima una kutu. Bwana Bashir alikuwa akipita nyuma yangu na karatasi nyeupe ya kufutia, anaipitisha ukingoni, anaitazama. Ikiwa na alama ya kahawia, naanza tena. Niliudhika, nikamwambia kuwa mimi nilikuja kunoa, si kufua. Alinijibu:

"Kutu inakula kila siku. Wewe utanoa mara moja kwa wiki. Nani atashinda?"

Basi nikakausha.

Aliponipa tupa, alinipa na ubao uliopasuka, wa kujifunzia. Ubao wa theluji una tumbo, yaani upande wa chini unaolala kwenye theluji, na kulizunguka tumbo hilo pamepita utepe mwembamba wa chuma. Huo ndio ukingo. Ukingo una nyuso mbili, mmoja unaangalia chini pamoja na tumbo, mwengine unaangalia ubavuni. Mtu akitaka kugeuka au kusimama analalia ukingo, nao unakata theluji na kumshika. Ukingo butu haushiki, mtu anateleza kama sabuni. Hilo kila mtu analijua. La pili nilikuja kulijua kwa taabu, na nitalisimulia.

Ubao unabanwa kwenye jiliwa, ubavu ukiwa juu. Unachukua kalamu ya wino mzito, unapaka ukingo wote mweusi. Kisha unapitisha tupa ikiwa ndani ya kishikio chake cha kupimia pembe, kutoka kichwani kwenda mkiani, upande mmoja tu, huirudishi nyuma. Wino unakwambia kila kitu. Ukiondoka juu na kubaki chini, mkono wako umeinama. Ukiondoka vipande vipande, unasukuma kwa nguvu. Mimi nilisukuma kwa nguvu kwa muda mrefu mno, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuonekana fundi. Bwana Bashir alinitia sarafu baina ya kidole na tupa, akasema isianguke wala isiniume. Huo ndio uzito wa mkono.

Sauti nayo isikilizeni. Tupa ikila vizuri inatoa sauti ya mkasi mkali ukipita kwenye marikani, ndefu, haikatiki. Ikipiga kelele ya kukwaruza, simama hapo hapo. Hapo ubao umegonga bomba la chuma huko ndani kwenye theluji, na mahali palipogongwa pamekuwa pagumu kuliko tupa yenyewe. Ukilazimisha, unaua tupa na chuma kinabaki vile vile. Chukua jiwe la almasi kwanza, ulainishe pale mahali, ndipo urudi na tupa. Na ukimaliza tupa, ukingo una kijinywele cha chuma kilichojikunja, hukioni, lakini ukipitisha pamba inakwama. Kiondoe kwa jiwe, taratibu. Ukikiacha, mtu atashika ubao na atajikata kiganja, naye atakuja kwako, si kwa meneja.

Tulifanya kazi pamoja miaka. Kisha mama yake Bwana Bashir akaugua, akarudi kwao. Siku aliyoondoka alinikabidhi kishikio chake cha tupa, kilichokuwa kimechakaa kwa umbo la mkono wake, ikanibidi niufundishe mkono wangu kukaa humo. Karakana ikawa yangu. Wako wateja waliokuja wakauliza fundi yuko wapi, wakaniona mimi na ushungi wangu, wakasema watangoja. Niliwaambia viti viko kule.

Muda si mrefu baadaye ukumbi ulinunua mbao mpya nyingi kwa mpigo, kwa ajili ya darasa la wanawake. Darasa hilo lilikuwa asubuhi, wanawake tu, na mwalimu wake alikuwa Moza, binti wa Bahla ambaye bibi yake alizaliwa Pemba. Moza alikuwa na subira ya ajabu. Walikuja walimu wa skuli, wauguzi, mama na binti zake, wengine kutoka mbali, Sur na Dima. Mimi niliwapenda kwa kuwa walikuwa wakiuliza maswali bila haya.

Zile mbao mpya zilifika zikiwa na kingo kali sana. Nilizipitisha kwenye ukucha moja moja, zote zikakwangua unga. Bwana Bashir alinifundisha kuwa ubao mpya unausafisha ubavu tu, tumboni huugusi, maana kiwandani wamekwisha kuuweka sawa. Nikafanya hivyo. Nikazitazama zilivyopangwa ukutani, zinang'aa, nikaona fahari.

Halafu wanawake wakaanza kuanguka. Wanafunzi huanguka, hilo si jipya. Lakini hili lilikuwa anguko la namna nyengine. Mtu yuko polepole, hana kasi, amesimama vizuri, ghafla anapigwa chini kama aliyevutiwa zulia. Mwalimu mmoja wa skuli kutoka Ibra, jina lake Thuraya, alianguka kwa nyuma akavunjika kifundo cha mkono. Wiki iliyofuata msichana mmoja alipiga kichwa, na pamoja na kofia yake ngumu alilazwa hospitali. Alhamdulillahi alitoka salama, lakini babake alikuja ofisini, na alikuwa na haki ya kusema aliyoyasema.

Meneja wetu alikuwa Bwana Nassor, aliyezaliwa Bujumbura, mtu wa ripoti na sistimu, na mwadilifu. Alimsimamisha Moza kazi mpaka uchunguzi umalizike, akalifunga darasa. Alisema mwisho wa mwezi wakubwa watakaa, na kama hakuna sababu iliyojulikana, darasa la wanawake halitafunguliwa tena. Wako waliokwisha kusema sababu inajulikana, kwamba wanawake waoga, wanakaza miguu. Moza alikuja karakanani kuchukua vitu vyake. Macho yamemvimba.

"Bi Zeyana, mimi sikuwaharakisha," aliniambia. "Wallahi hata mimi ubao hii inanishika. Naijua kushuka tangu mdogo na inanishika."

Kwa mazoea nilimsahihisha kwanza, ubao huu, unanishika. Kisha nikasikia alichosema. Nikamuuliza unamshika vipi. Akajaribu kunieleza, kwa Kiswahili, kwa Kiarabu, kwa mikono, na mimi sikuelewa. Nilikuwa nimenoa kingo miaka yote hiyo na sijawahi kusimama juu ya ubao hata mara moja. Nilikuwa kama mshoni asiyewahi kuvaa nguo.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Bwana Nassor, nikamwambia nataka kujifunza kushuka, kabla ya ukumbi kufunguliwa, na nataka Moza anifundishe. Aliniuliza umri wangu, ingawa anaujua. Aliniambia goti langu limekwisha andikiwa cheti na daktari. Nikamwambia goti ni langu. Alizungusha kalamu, mwisho akasema Moza anaweza kuingia kama mgeni wangu, na nivae kofia ngumu, na nisipande zaidi ya kilima kidogo.

Sitawasimulia kila anguko. Siku ya kwanza sikuweza hata kusimama. Nilifunga miguu yote miwili kwenye ubao nikabaki nimekaa kwenye theluji, na Moza akinivuta kama anayetoa ndoo kisimani. Siku ya pili nilisimama. Mwili wangu ulikuwa na madoa ya buluu kila mahali, na dada yangu, alipoyaona, alisema nimerukwa na akili na akanichemshia mdalasini. Kila alfajiri baada ya sala nilisema leo sitakwenda, na kila alfajiri nilikwenda. Sikuwa jasiri. Nilikuwa nikiona lile darasa limefungwa mlango, na msichana yule kitandani, na mbao zangu ukutani zikimeta, na sikuweza kukaa.

Moza alinifundisha kuteremka kwa ubavu, nimelalia visigino, kama mtu anayefagia kilima kwa ubao. Nilipopata kidogo akaniambia nilegeze, niuache ubao ulale bapa kidogo tu. Niliulegeza. Kabla sijavuta pumzi nilikuwa chini, uso ndani ya theluji. Nilirudia. Nikapigwa chini tena. Mara ya tatu nilisikia, kwenye unyayo, kabla ya kuanguka: ukingo wa chini, ule unaotazama mteremko, ulikuwa umeng'ata theluji wakati mimi sijaulalia. Nilibaki pale chini nikicheka, na Moza akadhani nimepata ajali ya kichwa.

Nilimpigia simu Bwana Bashir huko Kashmir. Nyuma yake walikuwa wakilia kuku. Nilimweleza yote. Aliuliza swali moja.

"Ubao unang'ata ukiuomba, au unang'ata bila kuombwa?"

Nikasema bila kuombwa. Akaniambia nichukue rula ya chuma, niilaze juu ya tumbo la ubao kukingama, nishike kwenye mwanga, nitazame pale rula inapopita juu ya ukingo. Mbao zote alizokuwa akizipokea yeye, alisema, kiwandani walikuwa wameuinua ukingo kidogo upande wa tumbo, unyuzi tu wa mwanga. Huo unyuzi ndio unaomsamehe mwanafunzi. Anapokuwa bapa, ukingo hauigusi theluji. Akiinamisha mguu, unashika.

Nilikwenda dirishani na rula. Ubao wa zamani, mwanga ukapita. Ubao mpya, hakuna mwanga. Niliupima mwengine, na mwengine. Chuma kilikuwa sawasawa na tumbo, kikali kuanzia kichwani mpaka mkiani, hata pale ncha zinapopinda, ambapo hapana haja ya ukali hata kidogo. Kwa mtu hodari mwenye kasi labda ni tamu. Kwa Thuraya, mwalimu wa skuli, siku yake ya tatu, ni mtego.

Nilichukua ubao mmoja mpya, tupa na kishikio cha pembe ndogo, nikainua ukingo wa upande wa tumbo kwa unyuzi ule, taratibu, kwa kuwa chuma kikishaondoka hakirudi. Ncha za mbele na nyuma nikazififisha kwa jiwe laini la mpira. Ubavuni nikaacha ukali wake. Alfajiri iliyofuata niliuvaa mimi mwenyewe. Nililegeza, ubao ukalala bapa, ukateleza. Nikainamisha visigino, ukashika. Nilifika chini ya kilima kidogo nimesimama kwa miguu yangu.

Bwana Nassor sikumkuta ofisini, nikamngoja. Nilimweleza, nikamwonesha rula na mwanga. Aliichukua rula akapima mwenyewe, kisha akasema kuwa anaona, lakini wakubwa watasema fundi anamtetea rafiki yake. Akafikiri yeye mwenyewe njia. Aliniagiza nitengeneze nyengine chache, akazichukua pamoja na ambazo sijazigusa, zote mpya za namna moja, akazifunika juu kwa utepe ili mtu asijue upi ni upi, akaita walimu wa zamu ya wanaume, wasiojua kitu, washuke nazo bapa, polepole, kama wanafunzi. Kisha akamwita na Moza. Mimi alinitoa nje. Nilikaa kwenye jua la saa sita na sweta yangu, nikisoma kila dua niliyofundishwa.

Alitoka mwenyewe kuniita. Walimu wote, bila kuambizana, walikuwa wamezitenga mbao sehemu mbili, na hawakukosea hata mmoja. Mmoja wao alikuwa na theluji masikioni. Bwana Nassor aliniambia, "Bi Zeyana, zitengeneze zote. Na mwambie Moza aje kesho, avae sare." Kisha akaenda kumpigia simu baba wa yule msichana, akamweleza sababu ilivyokuwa, mwenyewe, hakumtuma mtu.

Nilizitengeneza zote. Ilikuwa kazi ya kuumiza mabega, na kila ubao niliupima kwa rula mbele ya dirisha kabla ya kuutundika. Tangu siku hiyo hakuna ubao mpya unaopanda ukutani kabla ya rula, hata ukitoka kiwanda gani. Hilo msiliache hata siku moja, hata kama mna foleni ya watu mpaka mlangoni.

Darasa lilipofunguliwa, wengi hawakurudi. Thuraya alirudi. Mkono ulikuwa umetoka plasta, mwembamba kuliko wa pili. Alikuja dirishani kwangu kuchukua ubao na hakuupokea; aliutazama tu. Nilitoka nje, nikamwonesha mwanga chini ya rula. Sikumwambia asiogope, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nikiogopa. Nilimwambia nimeushukia huu, wenyewe hasa, asubuhi ya leo. Aliniuliza, "Wewe? Na goti hilo?" Nikasema na goti hili.

Alipanda na Moza. Nilisimama nyuma ya kioo. Alianza kwa visigino, akafagia, akasimama. Akafagia tena. Katikati ya kilima alilegea, nikaona ubao umelala bapa. Uliteleza. Akainamisha mguu, ukashika. Alifika chini, akafungua mguu mmoja, akageuka, akaanza kupanda tena bila ya kutazama kama kuna anayemwona.

Baada ya hapo niliendelea kunoa mpaka nilipofika umri wa kustaafu. Nimeona tupa nyingi zikifa na mabosi wengi wakibadilika. Sasa niko Ibra, kwa mama, ambaye bado anashona na bado anauliza juu ya umeme. Kishikio cha tupa cha Bwana Bashir nimekiacha ndoano ya kwanza mkono wa kulia. Mtaona kimekaa umbo la mikono miwili, wacheni kikae na la tatu.

Kuna jambo moja tu sijalikamilisha. Kushuka kwa visigino nimeweza, lakini kugeuka kulalia vidole, nikiwa nimeupa mteremko mgongo, bado kunanishinda. Daktari ameona goti, amesema haya, polepole. Nimejiandikisha kwenye darasa la Moza, Jumatatu asubuhi, pamoja na wanafunzi wapya. Ubao wangu aunoe mmoja wenu. Nitaupima.